Kukusudia na Kujua: Historia ya Hatia ya Dereva Mlevi Aliyekwisha Kuonywa

Neno ajali limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na huko asili yake ajal ni muda uliokadiriwa, siku ambayo mtu ameandikiwa kufa. Waswahili waliipokea maana hiyo, na wahenga wakasema ajali haina kinga, bila ya kuwa na gari lolote katika mawazo yao. Motokaa zilipofika katika nchi zetu, neno lilikwisha kuwapo. Likatwaliwa, likapewa kazi mpya, na kila mgongano wa barabarani ukaitwa ajali. Kwa njia hiyo tendo la mtu lilivikwa jina la jambo liletwalo na kadari, na jina hilo limelikaa mpaka leo.

Kwa vifo vingi vya barabarani jina hilo halina madhara makubwa. Lakini liko tukio moja ambalo linalikataa. Dereva amelewa, akakamatwa, akafikishwa mbele ya hakimu, akatozwa faini, labda akanyang'anywa leseni kwa muda, akaelezwa waziwazi ya kwamba mwendo wake huu utaua mtu. Kisha akarudia, akaua. Je, twaweza kuita kifo hicho ajali? Na kama si ajali, je, ni uzembe, au ni mauaji?

Swali hili limewashughulisha wanasheria kwa muda mrefu, lakini ni swali la lugha pia, na ndiyo sababu limeletwa katika kurasa hizi. Kiswahili cha mahakama kinagawanya makosa ya kuua katika mafungu mawili: kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Mgawanyo huo umesimama juu ya kitenzi kimoja tu, kusudia. Nia ya makala haya ni kuonyesha ya kwamba historia ya sheria juu ya dereva mlevi mrudiaji ni historia ya kitenzi kingine, nacho ni kujua. Na kwamba kitenzi hiki cha pili kimo pia ndani ya sheria za Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1930, ijapokuwa majina tuliyoyapa makosa hayo yamekifunika.

Tutaangalia nchi tatu. Uingereza na India tunazichagua kwa kuwa sheria zetu za jinai zimetoka huko. Jimbo la California katika Marekani tunalichagua kwa kuwa lilirithi maneno yale yale ya Kiingereza tuliyoyarithi sisi, na ndilo lililoyapima kwa uwazi mkubwa zaidi mbele ya dereva mlevi.

I

Ulevi barabarani ulikuwa kosa kabla motokaa hazijakuwapo. Sheria ya vileo ya Uingereza ya mwaka 1872 ilimtia hatiani mtu aliyelewa huku akisimamia katika njia kuu gari la kukokotwa, farasi, ng'ombe, au mashine iendayo kwa mvuke. Gari la kujiendesha lilipotokea, lilikuta kosa limekwisha kuandikwa. Mnamo Septemba 1897 dereva wa teksi ya umeme katika London aliligonga jengo hali amelewa, akakiri kosa, akatozwa faini. Tendo lenyewe basi halikuhitaji sheria mpya. Lililohitaji sheria mpya ni matokeo yake, yaani kifo.

Sheria ya kale ya Kiingereza ilikuwa na majina mawili tu kwa anayeua bila haki. Ikiwa alikuwa na nia ovu iliyotangulia, lilikuwa kosa kubwa lenye hukumu ya kifo. Ikiwa hakuwa nayo, lilikuwa kosa dogo zaidi, la kifungo. Dereva aliyeua kwa uzembe alitiwa katika fungu la pili, na mwaka 1937, katika kesi ya Andrews, majaji wa Baraza la Malodi walieleza ya kwamba uzembe wa kawaida hautoshi. Lazima uwe uzembe wa kiwango cha juu sana. Ikumbukwe ya kwamba neno lililotawala hapa ni uzembe, wala si ujuzi. Mahakama iliuliza ni umbali gani dereva huyu amepotoka kutoka katika mwendo wa mtu mwangalifu.

Jambo lililotokea baadaye si la kanuni bali la tabia ya watu. Juri, yaani raia wanaokaa kuamua kama mshtakiwa ana hatia, walisita kumhukumu dereva kwa kosa lililoitwa mauaji, hata lile dogo. Wengi wao walikuwa madereva wenyewe, na kila mmoja aliweza kujiona katika kizimba kile. Ndipo Bunge la Uingereza, kwa sheria ya barabarani ya mwaka 1956, lilipounda kosa jipya: kusababisha kifo kwa kuendesha gari bila kujali au kwa hatari. Adhabu yake ya juu ilikuwa kifungo cha miaka 5.

Tulitazame jina hilo kwa jicho la mwanalugha. Kitenzi kuua kimeondoka. Mahali pake pameingia nomino kifo, na kabla yake kitenzi kusababisha. Katika sentensi yenye kuua, mtu hutenda na mwenziwe hutendwa. Katika sentensi yenye kusababisha kifo, aliyekufa hatajwi tena; kinachosababishwa ni kifo, si mtu kufa. Jina liliundwa makusudi kwa kupunguza makali ili juri waweze kulitamka. Sheria za usalama barabarani za Kenya na Tanzania zilifuata njia hiyo hiyo, na ndiyo sababu dereva anayeua katika nchi hizi kwa kawaida hushtakiwa kwa kusababisha kifo, mara chache sana kwa kuua.

Hata hivyo makali yaliyopunguzwa yalirudi pole pole. Sheria ya usalama barabarani ya mwaka 1967 iliweka kipimo cha ulevi, miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu, na ikaruhusu kipimo cha pumzi. Sheria ya mwaka 1991 iliunda kosa mahususi la kusababisha kifo kwa uendeshaji usio wa uangalifu hali dereva amelewa. Adhabu ya juu ya kosa hili ilianza kwa miaka 5, ikapandishwa hadi 10, kisha 14. Na kwa sheria ya mwaka 2022 ikawa kifungo cha maisha. Uingereza basi imesafiri miaka zaidi ya 60 kutoka miaka 5 hadi maisha mazima, bila kulirudia jina la mauaji. Ilipandisha adhabu lakini haikubadili swali.

II

California ilishika njia nyingine. Kanuni yake ya Adhabu ilitungwa mwaka 1872, mwaka ule ule wa sheria ya vileo ya Uingereza, na ilichukua maneno ya Kiingereza cha kale juu ya nia ovu. Kanuni hiyo yasema ya kwamba nia ovu ni ya namna mbili. Ya kwanza ni iliyo dhahiri, pale mtu anapokusudia waziwazi kuondoa uhai wa mwenziwe. Ya pili hutambulikana kwa mazingira ya tendo, na watunzi wa mwaka 1872 waliieleza kwa mfano wa moyo: moyo uliojiachia na uliojaa ubaya. Maneno hayo yana uzito wa mimbari, lakini hayamwambii mtu wa juri aangalie nini hasa. Moyo hauonekani.

Ikawa kazi ya majaji wa karne ya 20 kuufasiri moyo huo kwa maneno yanayopimika. Katika kesi ya Phillips ya mwaka 1966, iliyomhusu mganga aliyewashawishi wazazi wa mtoto mwenye saratani wasikubali apasuliwe, Mahakama Kuu ya California ilitoa kanuni iliyodumu: nia ovu ya namna ya pili ipo pale mtu anapofanya kwa hiari tendo ambalo kwa asili yake ni la hatari kwa uhai, hali anajua ya kwamba linahatarisha uhai wa mwingine, na hali haujali uhai huo. Kusudio la kuua halimo katika kanuni hii. Mahali pake pamekaliwa na mambo mawili: kujua, na kutojali.

Kanuni ilikuwa imekwisha kuwapo basi, ilingoja dereva. Usiku wa tarehe 3 Januari 1979, katika mji wa Redding, mtu mmoja alikwenda na gari lake mwenyewe katika baa, akanywa bia, akaondoka akiendesha. Alipita taa nyekundu, nusura agongane na gari jingine, akasimama kwa kuvuta breki mpaka magurudumu yakaburuzika. Kisha akaongeza mwendo tena. Katika makutano yaliyofuata aliligonga gari dogo, akaua watu wawili, mmoja wao mtoto wa miaka 6. Mtaalamu alikadiria ya kwamba kabla ya kuvuta breki alikuwa katika mwendo wa maili 84 kwa saa mahali ambapo mwisho wa mwendo ulioruhusiwa ni maili 35. Kileo katika damu yake, nusu saa baadaye, kilikuwa asilimia 0.23.

Mashtaka yalikuwa mawili kwa kila aliyekufa: mauaji ya daraja la pili, na kuua kwa gari bila nia ovu. Mahakama ya kwanza iliyafuta yale ya mauaji. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 30 Novemba 1981 Mahakama Kuu ya California iliyarudisha. Hukumu hiyo, iitwayo kwa kifupi Watson, ndiyo iliyolipa jimbo lile usemi ambao wanasheria wake huutumia mpaka leo, mauaji ya Watson.

Hoja ya walio wengi yafaa ifuatwe kwa makini, kwa sababu imejengwa juu ya tofauti ya vitenzi. Wakili wa mshtakiwa alidai ya kwamba Bunge la jimbo lilikwisha kutunga kosa mahususi la kuua kwa gari, na kwa hiyo kosa la jumla la mauaji haliwezi kutumika. Mahakama ilijibu ya kwamba makosa hayo mawili hayapimwi kwa kipimo kimoja. Uzembe mkubwa hupimwa kwa mtu wa kawaida mwenye akili: je, mtu kama huyo angejua hatari? Nia ovu hupimwa kwa mshtakiwa mwenyewe: je, yeye alijua? Kiswahili chaweza kuionyesha tofauti hiyo kwa kiambishi kimoja tu. Angejua ni lugha ya uzembe. Alijua ni lugha ya mauaji. Na mahakama ilipata ushahidi wa alijua katika mambo mawili madogo. La kwanza, mtu huyu alikwenda baani na gari, kwa hiyo alipoanza kunywa alijua atarudi akiendesha. La pili, alivuta breki mara mbili. Na asiyeiona hatari havuti breki.

Jaji Mkuu Rose Bird hakukubali. Aliona ya kwamba kwenda baani kwa gari na kurudi umekunywa ni tendo la watu wengi mno, na wengi wao hufika salama; ikiwa hilo latosha kuonyesha nia ovu, basi hapana mpaka utakaobaki kati ya mauaji na uzembe, na kila dereva mlevi aliyepatwa na msiba ataweza kuitwa mwuaji. Pingamizi hili ni zito, wala halijafa. Lilichouliza kwa hakika ni hili: ujuzi ambao kila mtu anao, ujuzi wa jumla ya kwamba ulevi ni hatari, je, ndio ujuzi sheria inaoutaka? Au sheria yataka ujuzi uliokaribia zaidi, ujuzi wa mtu huyu mwenyewe kwa jambo lake mwenyewe?

III

Jibu la swali hilo lilikuja kwa mlango wa mrudiaji. Mwaka mmoja kabla ya hukumu ya Watson, mnamo Mei 1980, msichana wa miaka 13 aliuawa huko Fair Oaks, California, na dereva mlevi aliyekwisha kuhukumiwa kwa kosa hilo hilo zaidi ya mara moja, na ambaye wakati ule alikuwa nje kwa dhamana kwa mgongano mwingine wa ulevi. Mama yake, Candace Lightner, alianzisha mwaka ule ule chama cha akina mama kilichoenea Marekani nzima. Jina la chama hicho kwanza lilisema ni akina mama dhidi ya madereva walevi. Mwaka 1984 lilibadilishwa likawa dhidi ya uendeshaji wa ulevi. Badiliko ni la neno moja, kutoka mtenda hadi tendo. Lakini katika mahakama mwendo ulikuwa kinyume: macho yalizidi kuelekea kwa mtenda, na kwa historia yake.

Mwaka 1986 mahakama ya rufani ya California, katika kesi ya McCarnes, ilikubali ya kwamba hukumu za zamani za ulevi barabarani zaweza kuletwa mbele ya juri. Haziletwi ili kuonyesha ya kwamba mshtakiwa ni mtu mbaya, kwa kuwa sheria hukataza ushahidi wa namna hiyo. Zinaletwa kuonyesha ya kwamba alikwisha kuambiwa. Mtu aliyehukumiwa, akapelekwa katika mafunzo ya lazima ambamo alifundishwa namna ulevi unavyoua, hawezi kusema ya kwamba ujuzi wake ni ule wa jumla ambao kila mtu anao. Ujuzi wake una tarehe na saini. Pingamizi la Jaji Mkuu Bird limepata hapa jibu, angalau kwa sehemu: mpaka kati ya dereva mlevi wa kawaida na mwuaji waweza kuwekwa mahali pale ambapo onyo lilitolewa.

Baadaye California iliufanya utaratibu huo kuwa wa kisheria. Tangu miaka ya mwanzo ya karne hii, mtu anayehukumiwa kwa kuendesha gari hali amelewa hupewa na mahakama maelezo ya kwamba ulevi huharibu uwezo wa kuendesha, ya kwamba kufanya hivyo ni hatari kubwa kwa uhai wa watu, na ya kwamba akirudia na mtu akafa, yeye aweza kushtakiwa kwa mauaji. Sheria haingoji tena mtu ajue. Inamjulisha, na kuiweka kumbukumbu ya kumjulisha.

Hapa Kiswahili kina neno ambalo, kwa maoni yetu, lasema jambo hili vizuri kuliko maelezo marefu. Kitenzi kuonya ni kitenzi cha kufanyiza cha kuona, kilichoundwa kwa njia ya kale ambayo twaiona pia katika pona na ponya. Kama vile kuponya ni kumfanya mtu apone, kuonya kwa asili ni kumfanya mtu aone. Aliyeonywa ni mtu aliyeonyeshwa. Kwa hiyo ayasemayo dereva wa namna hii, ya kwamba hakuona madhara yatakayotokea, yanakatazwa na neno lenyewe. Wahenga walimwambia asiyesikia la mkuu ya kwamba atavunjika guu. Lakini methali hiyo ilimhesabu mkaidi kuwa ndiye atakayeumia. Dereva mlevi amelivunja hata pato hilo la haki, kwa kuwa mara nyingi linalovunjika ni guu la mwingine.

Lilibaki tatizo moja la kimantiki. Ikiwa kosa ni kujua, na ulevi huondoa ujuzi, basi aliyelewa zaidi atakuwa na hatia ndogo zaidi. Tatizo hili lilifika mbele ya Mahakama Kuu ya California katika kesi ya Whitfield ya mwaka 1994, nayo ilimhusu mrudiaji hasa. Mahakama ilithibitisha hukumu ya mauaji, lakini ilikubali ya kwamba ushahidi wa ulevi waweza kuletwa ili kupinga kuwapo kwa nia ovu ya namna ya pili. Bunge la jimbo halikulipenda jambo hilo. Mwaka 1995 lilibadili sheria ili ulevi wa hiari usiweze kutumika hivyo. Jibu la Bunge lilikuwa la amri. Jibu la mantiki lilikwisha kutolewa katika Watson: tusitazame akili ya mtu akiwa kwenye usukani, bali akili yake alipoinua kikombe cha kwanza. Wakati ule alikuwa na fahamu zake zote, na onyo lilikuwamo ndani ya fahamu hizo.

IV

Sasa turudi kwetu. Kabla ya mwaka 1930 sheria ya jinai iliyotumika Kenya na Tanganyika ilikuwa Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860. Kanuni hiyo ilikuwa na sifa moja ambayo sheria ya Kiingereza haikuwa nayo: ilikitaja kitenzi kujua waziwazi, ikakipa ngazi yake. Aliyeua kwa kukusudia alikuwa na ngazi yake. Aliyeua kwa tendo ambalo alijua laelekea kuleta kifo, bila ya kukusudia kifo, alikuwa na ngazi nyingine, yenye kifungo kisichozidi miaka 10. Na aliyeua kwa pupa au uzembe alikuwa na ngazi ya chini kabisa, iliyoongezwa mwaka 1870. Ngazi hiyo ya kati ndiyo Mahakama ya Juu ya India iliyoitumia mwaka 2012 kwa dereva ambaye mnamo Novemba 2006, akiwa amelewa, alipanda juu ya njia ya waendao kwa miguu huko Mumbai na kuua watu 7 waliokuwa wamelala. Mahakama ilisema ya kwamba hakukusudia, lakini alijua. Kanuni ya mwaka 1860 yenyewe iliondolewa India mnamo Julai 2024, na ngazi hiyo ikahamia katika sheria iliyoshika nafasi yake.

Afrika ya Mashariki iliiacha ngazi hiyo mwaka 1930. Kanuni mpya za Adhabu za Kenya na Tanganyika zilirudi katika mafungu mawili ya Kiingereza. Lakini ujuzi haukuachwa, ulihamishwa. Vifungu vinavyofasiri nia ovu, ambavyo leo ni cha 206 katika sheria ya Kenya na cha 200 katika sheria ya Tanzania, vyasema ya kwamba nia ovu yathibitika kwa jambo lolote kati ya kadhaa. La kwanza ni kusudio la kuua au kudhuru vibaya. La pili ni ujuzi ya kwamba tendo lile yamkini litaleta kifo au madhara makubwa kwa mtu yeyote, hata kama mwenye ujuzi huo hajali kama kifo kitatokea au hakitatokea, na hata kama anatamani kisitokee.

Msomaji asiyapite maneno hayo ya mwisho upesi. Anayetamani kifo kisitokee hawezi, katika Kiswahili chochote kilicho sawa, kuitwa mtu aliyekusudia kuua. Kusudia latokana na Kiarabu qasada, kuelekea, kuliendea jambo. Na mtu haliendei jambo analolikimbia. Hata hivyo kwa mujibu wa kifungu hicho aweza kuwa na hatia ya kosa ambalo sisi katika Kiswahili tumeliita mauaji ya kukusudia. Jina na maana vimeachana. Sheria yasema kukusudia au kujua. Jina lasema kukusudia peke yake.

Hatusemi ya kwamba kila dereva mlevi mrudiaji katika nchi zetu angepaswa kushtakiwa kwa kosa hilo kubwa. Liko jambo ambalo lataka tahadhari zaidi kwetu kuliko California. Huko, adhabu ya mauaji ya daraja la pili ni kifungo kianziacho miaka 15 hadi maisha. Kanuni za mwaka 1930 ziliweka kwa mauaji hukumu moja tu, kifo. Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Muruatetu ya Desemba 2017, ilitamka ya kwamba ulazima wa hukumu hiyo unapingana na Katiba. Na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha, ilitoa uamuzi wa namna hiyo dhidi ya Tanzania. Tena, neno yamkini katika kifungu ni kizingiti kirefu. Lile alilolisema Jaji Mkuu Bird, ya kwamba wengi wa walevi hufika salama, laweza kusemwa na wakili wa Dodoma au wa Nakuru kwa nguvu ile ile. Kati ya kosa la barabarani na kosa la kifo hatuna ngazi ya kutosha ya kumsimamisha mtu aliyejua lakini hakukusudia, nayo ndiyo ngazi tuliyokuwa nayo kabla ya mwaka 1930.

V

Kama ngazi hiyo irudishwe au isirudishwe ni shauri la mabunge. Shauri la wanalugha ni dogo zaidi, lakini halingojeki. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili Sheria ya Tafsiri ya Sheria, likakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Tangu hapo kutafsiri si kumsaidia msomaji tu aielewe sheria; maneno ya Kiswahili yanakuwa sheria yenyewe. Jina lililokuwa la mazungumzo ya mahakamani na ya magazeti, mauaji ya kukusudia, likiandikwa katika sheria litabeba uzito ambao halikuundwa kuubeba. Wakili aweza kusimama siku moja na kudai, kwa haki ya lugha, ya kwamba mteja wake hakukusudia, na kwa hiyo jina la kosa lenyewe lamtoa. Na ndugu wa marehemu, wakisikia ya kwamba dereva aliyeonywa mara tatu ameua bila kukusudia, wataelewa ya kwamba mahakama imesema hakuna aliyejua.

Twapendekeza mambo matatu. La kwanza, katika majina ya makosa kusudia kiondolewe, na mahali pake pawekwe nia ovu: kuua kwa nia ovu, na kuua pasipo nia ovu. Nia ovu ni istilahi inayohitaji kufasiriwa, na hiyo ndiyo faida yake. Kusudia ni neno la kila siku ambalo kila msikilizaji hudhani amekwisha kulielewa. La pili, katika kifungu kinachofasiri nia ovu, kusudio na ujuzi viandikwe kama mambo mawili yaliyo sawa, kila moja kwa sentensi yake, ili la pili lisisomeke kama mkia wa la kwanza. Na maneno juu ya anayetamani kifo kisitokee yasifupishwe wala yasiachwe, hata kama yatamshangaza msomaji. La tatu, katika sheria za barabarani tutofautishe kwa uangalifu alijua, alipaswa kujua na angejua. Kiingereza huhitaji maelezo marefu ili kuzitenga hali hizo. Sisi tumepewa viambishi na vitenzi vinavyozitenga tayari, nasi tutakuwa wakosefu tukivichanganya.

Juu ya neno ajali hatuna pendekezo la sheria. Neno hilo ni la watu, nalo litaendelea kutumika kwa mgongano wa kila namna. Yatosha ya kwamba mwandishi wa hati ya mashtaka, na mwandishi wa habari anayemfuata, wakumbuke asili yake ni nini, na wasiliandike juu ya kifo ambacho mletaji wake alikwisha kuambiwa, kwa maneno wazi na mbele ya hakimu, ya kwamba kitakuja.